Koma mbili kwenye katiba ya chama zimezuia gawio letu. Wajuzi wa Kiingereza, tusaidieni

MamaLanet

Wanajukwaa, hamjambo. Niko Nakuru, upande wa Lanet, na ndimi mweka hazina wa chama chetu cha akina mama. Tulipokwenda kusajiliwa chini ya ile Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 tulitakiwa kuwa na katiba, basi mmoja wetu akamwomba mpwa wake aliye chuoni atuandikie kwa Kiingereza. Ikapigwa chapa, tukatia sahihi, ikaingia kwenye faili. Hakuna aliyeisoma tena mpaka wiki hii.

Wiki hii tunagawana pesa za mwaka. Kifungu cha watoro kinasema hivi, neno kwa neno:

"Members, who have missed three consecutive meetings, shall not receive dividends."

Wenzetu watatu wamekosa vikao vitatu mfululizo, tena bila hata ujumbe wa simu. Nikawatoa kwenye orodha. Mmoja wao, mwalimu wa Kiingereza aliyestaafu, akanipigia akaniambia kwa upole kabisa kwamba nikiifuata katiba ilivyoandikwa, hakuna mtu wa kupata hata shilingi, mimi nikiwemo. Eti zile koma mbili zinamaanisha wanachama wote wamekosa vikao. Na kwa kuwa si kweli kwamba wote wamekosa, kifungu hakina maana, kwa hiyo yeye na wenzake walipwe kama wengine.

Mwenyekiti anasema huo ni ujanja wa mtoro. Mimi sijui nishike lipi. Koma kweli inaweza kufanya hayo yote?

BodaKondele

Mama, koma ni koma. Gawaneni pesa mwende nyumbani.

MwalimuNjoro

Mama Lanet, huyo mwenzenu ni mtoro lakini Kiingereza anakijua.

Nichukue maziwa yetu ya Bonde la Ufa, maana hapa Nakuru hakuna asiyeyajua. Tazama sentensi hizi mbili:

"The Rift Valley lakes which are alkaline attract flamingos."

"The Rift Valley lakes, which are alkaline, attract flamingos."

Maneno ni yale yale. Ya kwanza inachagua: katika maziwa yote ya Bonde la Ufa, inasemea yale ya magadi tu, yaani Nakuru, Elmenteita, Bogoria, Magadi na wenzao. Hiyo ni kweli. Ya pili haichagui chochote. Inatangaza kwamba maziwa ya Bonde la Ufa ni ya magadi, yote, kisha inaendelea na habari ya flamingo. Huo ni uongo, kwa sababu Naivasha na Baringo ni maji baridi na yako katika bonde hilo hilo. Mwanafunzi wa jiografia akiandika ya pili amekosa jiografia, ingawa alichokosea mkononi ni alama mbili za kalamu.

Sasa rudi kwenye katiba yenu. Funika kwa kidole yale maneno yaliyo kati ya koma na koma, usome yanayobaki: "Members shall not receive dividends." Wanachama hawatapata gawio. Hicho ndicho kiini cha sentensi mliyotia sahihi. Yaliyo katikati ni maelezo ya ziada kuhusu hao hao wanachama wote. Mkiondoa koma zote mbili, yale maneno yanaacha kuwa ya ziada na kuanza kazi ya kuchuja: wanachama wale waliokosa, hao tu.

Wengine watauliza kuhusu "that" na "which". Kwenye mfano wa maziwa ningeweza kuweka "that" katika sentensi ya kwanza, na wahariri wengi wa Marekani wangenilazimisha niiweke. Kwao "that" ni ya kuchagua, "which" ni ya kuongezea. Waingereza, ambao ndio tunaowafuata shuleni, wanakubali "which" pande zote mbili. Cha kuchekesha ni kwamba ugawaji huo ulipigiwa debe na Mwingereza, H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya 1926, na watu wa kwao hawakumsikiliza sana. Ila mtu akitajwa kwa "who", kama kwenye kifungu chenu, hakuna neno la pili la kukusaidia. Mzigo wote uko kwenye koma.

OmwamiBungoma

Mwalimu, kwa heshima, mimi husoma matangazo kanisani kila Jumapili na tulifundishwa koma ni mahali pa kuvuta pumzi. Sentensi ikiwa ndefu, unaweka koma msomaji asife njiani. Huyo kijana wa chuo labda alifikiria msomaji.

MwalimuNjoro

Omwami, fundisho hilo ndilo lililotufikisha hapa. Ukisoma kwa sauti vuta pumzi popote, hakuna wa kukukamata. Lakini katika hivi vishazi vya Kiingereza koma haikupimii mapafu. Inaonyesha ni kina nani wanaosemwa.

Ukitaka kuona madhara ya hiyo pumzi, nenda lango la shule yoyote siku ya kufungua. Utakuta karatasi imebandikwa: "Parents who have not cleared fees, are required to see the bursar." Aliyeandika alifika kwenye "fees", akahisi amekwenda mwendo mrefu, akapumzika. Matokeo yake ametenganisha mtenda na kitenzi chake. Koma moja hapo haichagui na haiongezi. Ni kosa tu. Na kuna kosa la pili lililo baya zaidi: "Parents, who have not cleared fees are required to see the bursar." Koma imefunguliwa na haikufungwa, na msomaji habaki na njia ya kujua mwandishi alitaka wazazi wote au wadaiwa. Kwa vishazi hivi ni mbili au hakuna, isipokuwa kishazi kikiwa mwishoni, hapo nukta ndiyo inayokifunga.

Binafsi naona hizi karatasi za ofisini zimewafundisha Wakenya Kiingereza kibaya kuliko redio na televisheni zote, kwa sababu zina mhuri, na chenye mhuri hakihojiwi.

NyarNyakach

Nimecheka mpaka chai imemwagika. Nataka kuongeza ya kwetu. Tulipomzika mjomba, kijitabu cha mazishi kiliandikwa: "He is survived by his wife who lives in Kisumu and five children." Mjomba alikuwa na mke mmoja, tangu ujana wake. Kulikuwa na mgeni pale kwenye hema, mtu wa vitabu, akanisogelea akauliza taratibu: na huyu mwingine anaishi wapi?

Sikumwelewa siku ile. Leo nimemwelewa.

MwalimuNjoro

Pole kwa msiba, dada. Mgeni wenu alisoma vilivyo. "His wife who lives in Kisumu" inachagua mke mmoja kati ya wake, yule wa Kisumu. "His wife, who lives in Kisumu," ni mke mmoja aliyepo, na kwa nyongeza anaishi Kisumu. Kwa nyumba yenye wake watatu mambo yanageuka: hapo ukiweka koma umewafuta wawili kwenye kijitabu, mbele ya ukoo mzima. Sijui lipi lina hatari zaidi.

BodaKondele

La pili mwalimu. La pili lina hatari zaidi.

FomFoKakamega

Mwalimu shikamoo. Hii iko kwenye mtihani? Nafanya KCSE mwaka huu.

MwalimuNjoro

Marahaba, kijana wangu. Karatasi ya pili, swali la nne, ile sarufi ya alama 15. Mara nyingine wanakupa sentensi mbili zinazofanana na kukuambia ueleze tofauti ya maana. Ukikutana na hii:

"My brother who lives in Kisumu is a mechanic."

"My brother, who lives in Kisumu, is a mechanic."

usiandike "ya pili ina koma". Mtahini ana macho. Andika kwamba ya kwanza inadokeza msemaji ana ndugu zaidi ya mmoja na anamtaja yule wa Kisumu. Ya pili inadokeza anaye mmoja tu.

Kitu chenye jina lake mwenyewe huwa tayari kimeshachaguliwa, ndiyo maana kinafuatwa na koma. "Lake Victoria, which Kenya shares with Uganda and Tanzania, ..." Ukiziondoa koma hapo, msomaji anajiuliza kuna Lake Victoria ngapi. Vivyo hivyo "Maseno School, which was founded in 1906, ..." Lakini "the school which was founded in 1906" haina koma, kwa sababu neno "school" peke yake halijamtambulisha mtu shule gani.

FomFoKakamega

Na "my brother Otieno"? Hakuna "who" hapo.

MwalimuNjoro

Kanuni ni ile ile. "My brother Otieno" bila koma: unao kadhaa, na huyu ni Otieno. "My brother, Otieno," ni ndugu mmoja, na jina umeliongeza kwa hisani yako. Ila kwa majina mafupi namna hii hata waandishi wazuri wa Kiingereza hulegeza kamba, kwa hiyo usimhukumu mtu idadi ya ndugu zake kwa barua moja.

Kuna moja ambayo wanafunzi wangu huikosa kila mwaka, nayo inafaa kwenye uzi huu. "She missed three meetings, which annoyed the chairlady." Hapa "which" haishiki neno "meetings", inashika tukio zima, kule kukosa. Ni lazima koma iwepo. Iondoe: "She missed three meetings which annoyed the chairlady." Sasa vikao vyenyewe ndivyo vilivyomuudhi mwenyekiti, na pengine dada alifanya busara kutokwenda.

MamaLanet

Mwalimu, usimpe huyo mtoro silaha zaidi!

Kwa hiyo ninavyoelewa, amenishinda? Nimlipe?

WakiliMilimani

Subiri kidogo kabla ya kutoa pesa, Mama Lanet. Mwalimu yuko sahihi kwenye sarufi, lakini kutoka sarufi mpaka hela kuna safari.

Kwanza niseme koma si jambo dogo kwa wanasheria. Angalia Katiba ya nchi yetu, Ibara ya 2(4): "Any law, including customary law, that is inconsistent with this Constitution is void to the extent of the inconsistency". Tazama jinsi ilivyoshonwa. "Including customary law" imefungwa kwa koma mbili, maana ni nyongeza. Ukiitoa, amri bado inasimama. "That is inconsistent with this Constitution" haina ukuta mbele ya "is void", kwa sababu ndiyo inayochagua sheria zipi zife. Angetokea karani akaandika "Any law, which is inconsistent with this Constitution, is void", angekuwa amesema kila sheria inapingana na Katiba na kila sheria ni batili. Katiba ilitangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010. Tarehe 28 tungeamka nchi haina hata sheria ya barabarani.

Mahakama zimeshagombania alama hii. Roger Casement, yule balozi mdogo wa Uingereza aliyeandika ripoti ya 1904 kuhusu mateso ya watu wa Kongo chini ya Mfalme Leopold, alishtakiwa kwa uhaini mwaka 1916. Alikuwa amekwenda Ujerumani wakati wa vita kuwashawishi mateka wa Ireland wapigane na Uingereza. Sheria ilikuwa ya 1351, ya Kifaransa cha Kinormani, na ilimtaja mtu anayeambatana na maadui wa Mfalme "in his realm, giving to them aid and comfort in the realm, or elsewhere". Wakili wake alisema kosa lenyewe lazima litendeke ndani ya milki ya Mfalme, na "or elsewhere" inahusu mahali misaada inakofikia tu. Upande wa pili ukasema "or elsewhere" inarudi nyuma na kushika kosa lote. Majaji walikwenda kuangalia hati ya kale yenyewe kuona imetiwa alama wapi. Alinyongwa gereza la Pentonville, London, tarehe 3 Agosti 1916, na mpaka leo husemwa kwamba alinyongwa na koma. Kwa maoni yangu msemo huo unaipa koma sifa kupita kiasi, maana serikali ya vita ilishakuwa na hamu naye. Lakini ubishi ulikuwa huo.

BodaKondele

Sasa mnaniogopesha. Nilidhani tunaongea chama cha Lanet.

WakiliMilimani

Tunarudi Lanet, ndugu yangu, ila tupitie Kanada kwanza. Kampuni mbili, Rogers na Aliant, zilikuwa na mkataba wa nguzo za nyaya. Mkataba ulisema utadumu miaka mitano, na baada ya hapo miaka mitano mitano, kisha ikaja koma, kisha "unless and until terminated by one year prior notice in writing by either party". Rogers walielewa kwamba miaka mitano ya kwanza haiguswi. Mwaka 2006 wadhibiti wa mawasiliano wa Kanada wakasema hapana: ile koma imefunga maneno ya kuongeza muda, kwa hiyo haki ya kuvunja mkataba inahusu sentensi nzima, pamoja na miaka ile ya kwanza. Si kishazi cha "who" kama chenu, lakini kazi ya koma ya pili ni ile ile. Ndiyo inayoamua maneno yanayofuata yameshikana na nini.

Kilichofuata ndicho kinachokuhusu wewe. Kanada ina lugha rasmi mbili, na mkataba huo ulikuwa pia na nakala ya Kifaransa. Rogers wakaileta. Kwa Kifaransa hapakuwa na utata wowote, na mwaka 2007 uamuzi ukageuzwa.

Ndiyo kusema, maandishi yakisomeka kwa namna inayoleta upuuzi, anayeamua huuliza walioandika walikusudia nini. Hakuna kikundi cha watu wazima kinachojiandikia katiba inayosema hakuna mwanachama atakayepata gawio milele. Mwenzenu ameonyesha kwamba kifungu kimeandikwa vibaya. Kwamba hakina maana kabisa, hajaonyesha. Una chochote kinachoonyesha mlikubaliana nini siku hiyo?

MzeeNyalenda

Mimi nauliza swali la mjinga. Akina mama wote hao wanaongea Kiswahili kikaoni, si ndiyo? Katiba ya nchi, Ibara ya 7, inasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kwa nini mliandika sheria zenu kwa lugha ambayo hata koma zake hazituhurumii?

"Mwanachama yeyote atakayekosa vikao vitatu mfululizo hatapata gawio." Hapo koma utaiweka wapi?

MwalimuNjoro

Mzee, sentensi yako ni safi, na "yeyote" ndiyo iliyoifunga kabisa. Lakini usiseme Kiswahili hakina utata huu. "Wanachama ambao wamekosa vikao hawatapata gawio" inaeleweka kwa sababu tunajua mambo ya chama. "Baba yangu anayeishi Kisumu" ina umbo la kuchagua vile vile, na hakuna anayedhani nina baba wawili. Kwetu muktadha na sauti ndivyo vinavyofanya kazi, na tukitaka uhakika tunaongeza "wale", "yeyote", "kila". Kiingereza cha maandishi kimeamua kuikabidhi koma. Kila nyumba na mlango wake.

NyarNyakach

Mama Lanet, mpwa wa chuo amesomaje uzi huu?

MamaLanet

Amesoma. Anasema kompyuta ndiyo iliyomwekea koma. Tuyaache hayo.

Wakili, swali lako limenifanya nimpigie katibu. Amefungua daftari la kumbukumbu. Siku tulipopitisha kifungu hicho aliandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili: "Tumekubaliana kwamba atakayekosa vikao vitatu mfululizo bila kutoa udhuru asipewe gawio la mwaka huo." Mwenyekiti na katibu wametia sahihi chini yake. Na waliohudhuria wameorodheshwa.

WakiliMilimani

Hicho ndicho Kifaransa chenu. Kihifadhi vizuri. Angalia pia hapo kuna "bila kutoa udhuru", ambayo mpwa hakuiandika kabisa; hilo nalo linawahusu hao watatu, kwa hiyo wapeni nafasi ya kusema kama walitoa udhuru kabla hamjawakata.

Kisha mrekebishe maandishi kwa azimio la mkutano, mpeleke nakala ofisi ya usajili. Msibadilishe kimya kimya kwa kalamu.

MamaLanet

Tumejaribu hivi: "A member who misses three consecutive meetings without apology, shall not receive that year's dividend."

MwalimuNjoro

Toa koma iliyo baada ya "apology". Ni ile ya langoni pa shule.

WakiliMilimani

Na useme "without a written apology to the secretary", isije mwakani mkabishana kama kupiga honi ukipita ni udhuru.

MstaafuFreeArea

Hamjambo. Mimi ndiye mtoro mnayemzungumzia, nimetumiwa uzi huu na watu wanne tofauti. Mwalimu Njoro, ahsante kwa kukubali kwamba kifungu kilivyo ni aibu. Wakili, nimekusikia. Sikuwahi kusema sitakubali kukatwa. Nilisema siwezi kukatwa kwa sentensi ile. Kuhusu udhuru, nilimtuma jirani mara ya kwanza, na ataulizwa. Mara mbili zilizobaki sina la kusema. Nataka kuliona hilo daftari kwa macho yangu.

MamaLanet

Karibu Jumamosi, mwalimu, saa nane, kwa katibu. Daftari litakuwa mezani. Na usikose, maana hicho kitakuwa cha nne.